Christopher Hampton: safari yake ya kazi, na namna ya kugeuza barua kuwa mchezo na mchezo kuwa filamu

PaziaLaMbaraki aliuliza:

Hamjambo jamani. Kikundi chetu cha maigizo hapa Mombasa kina vikao vya Jumamosi kuhusu watunzi walioandikia jukwaa na sinema kwa pamoja, na zamu inayofuata ni ya Christopher Hampton wa Uingereza. Wengi wetu tunamjua kwa The Father peke yake, ile aliyocheza Anthony Hopkins. Naomba wanaomfahamu vizuri wanisaidie.

Kwanza, safari yake kwa mfuatano: alianzia wapi, katikati alikuwa akiishi kwa kazi gani, na alifikaje kwenye Oscar mbili. Pili, nasikia Les Liaisons Dangereuses ilikuwa riwaya ya barua tupu kabla hajaigusa. Barua inageukaje kuwa mchezo? Nataka zoezi ambalo watu 14 wataweza kulifanya kwa saa 3, kwa karatasi na kalamu, maana projekta hatuna. Tatu, tuna mchezo wetu wa dakika 70, wahusika 4, wote ndani ya chumba kimoja cha juu katika nyumba ya Mji wa Kale, na wenzangu wanataka tuufanye filamu. Watu huharibu wapi?

KipandeChaPili alijibu:

Dada Pazia, mimi nichukue la kwanza.

Hampton alizaliwa 1946 kisiwani Faial, Azores. Baba yake alikuwa mhandisi wa Cable & Wireless, kampuni ya mawasiliano ya nyaya za chini ya bahari, kwa hiyo familia ilihama bandari hadi bandari: Aden, Alexandria, Hong Kong, na hapa jirani Zanzibar. Waambie washiriki hilo mapema. Waya uliounganisha Zanzibar na Mombasa ulilazwa 1890, na kampuni iliyoulaza ilikuja kumezwa na ukoo huohuo wa Cable & Wireless, kwa hiyo mtu huyu si mgeni wa pwani yetu kabisa. Alexandria waliondoka wakati wa mgogoro wa Suez wa 1956, na utoto huo aliuandikia mchezo, White Chameleon, uliochezwa National Theatre 1991.

Mchezo wake wa kwanza, When Did You Last See My Mother?, aliuandika akiwa na miaka 18. Mwaka 1966 wanafunzi wenzake wa Oxford waliucheza, ukumbi wa Royal Court wa London ukauchukua, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa West End, mtaa wa kumbi kubwa za London. Alikuwa na miaka 20. Chuoni alikuwa akisoma Kijerumani na Kifaransa. Hilo liandike ubaoni na ulipigie mstari, kwa sababu nusu ya kazi zilizofuata zilitoka katika lugha hizo mbili.

Kisha Royal Court ikamweka kuwa mtunzi wake wa kudumu, 1968 hadi 1970. Hiki ndicho kipindi ambacho ningekaa nacho muda mrefu kikaoni. Mtunzi kijana ambaye mchezo wake wa kwanza umepata sifa kwa kawaida huporomoka kwenye wa pili, kwa kuwa anaurudia ule wa kwanza. Hampton alikwenda pengine kabisa: Total Eclipse (1968) inahusu washairi Rimbaud na Verlaine, na The Philanthropist (1970) ni jibu kwa Molière. Molière alimwandika mtu anayechukia watu. Hampton akamgeuza mwalimu wa chuo anayempenda kila mtu na asiyeweza kumkosoa yeyote, na wema huo ndio unaowaumiza waliomzunguka. Wasomee ufunguzi wake: mwanafunzi amewasomea walimu wawili mchezo aliouandika, anatoa bastola kuwaonyesha jinsi unavyomalizika, na inafyatuka kweli. Dakika chache tu, hadhira imecheka, imeshtuka, na imeshamjua mhusika mkuu kwa jinsi alivyokuwa akitafuta neno la kumsifu yule kijana.

Katikati ya safari aliishi kwa tafsiri na marekebisho: Ibsen, Chekhov, Molière, na zaidi ya wote Ödön von Horváth, aliyeandika kwa Kijerumani. Filamu ya A Doll's House ya 1973 ni skripti yake. Kukaa na Horváth kulizaa mchezo wake mwenyewe, Tales from Hollywood: Horváth alikufa Paris 1938 kwa kuangukiwa na tawi la mti, na Hampton akajiuliza ingekuwaje tawi lile lingemkosa, akafika Marekani pamoja na waandishi wengine waliomkimbia Hitler. Angalia hapo, mfasiri ameishi na mtu mpaka ameweza kumwongezea maisha.

1985 ikaja Les Liaisons Dangereuses katika The Other Place, Stratford, ukumbi mdogo wa mabati wa Royal Shakespeare Company. Kutoka hapo London, kisha Broadway 1987, kisha filamu ya Stephen Frears 1988, na Oscar ya kwanza Machi 1989. Baada ya hapo kuna Sunset Boulevard ya muziki akishirikiana na Don Black, Carrington (1995) aliyoiongoza mwenyewe, 'Art' ya Yasmina Reza, mtunzi wa Kifaransa, aliyoitafsiri na ikakaa West End zaidi ya miaka 6, na Atonement (2007) iliyompa uteuzi wa Oscar. Oscar ya pili ni ya The Father, Aprili 2021. Miaka 32 kati ya moja na nyingine.

Na usiwafiche zilizokwama. Alifanya kazi na mwongozaji David Lean kwenye filamu ya Nostromo, kisha Lean akamwendea mwandishi mwingine, kisha Lean mwenyewe akafariki 1991 kabla ya kamera kuwaka. Mfano mzuri zaidi ni Sabina. Hiyo ilikuwa skripti ya sinema kuhusu Jung na Freud, waanzilishi wa tiba ya nafsi, na Sabina Spielrein, mgonjwa wa Jung, na haikupigwa. Hampton akaigeuza mchezo wa jukwaani, The Talking Cure, kisha mchezo ule ukarudi kuwa skripti na David Cronenberg akaupiga mwaka 2011 kwa jina A Dangerous Method. Vijana wanaotupa skripti kwa sababu prodyusa mmoja amekataa walisikie hilo kwa makini.

WinoNaWaraka alijibu:

Na mimi nishike la barua, kwa kuwa ndilo tamu.

Riwaya yenyewe ya Les Liaisons Dangereuses, ya Mfaransa Laclos, ilitoka 1782 na ina barua 175. Tatizo lake kwa jukwaa ni kwamba anayeandika na anayesoma hawako mahali pamoja, na jukwaa linataka watu wakabiliane. Katika riwaya, Merteuil na Valmont, mwanamke na mwanamume wa tabaka la juu waliowahi kuwa wapenzi, wako mbalimbali karibu muda wote, ndiyo maana wanaandikiana. Hampton aliwakutanisha. Aliwapa sababu ya kuwa chumba kimoja tena na tena, na kila wanapokutana mmoja anataka kitu ambacho mwenzake hataki kutoa. Hiyo ndiyo mifupa ya mchezo mzima.

Chukua barua tatu uwaonyeshe alivyozifanya kila moja kwa njia yake. Barua ya 81 ni ndefu: Merteuil anaeleza jinsi alivyojifunza tangu msichana kuuficha uso wake. Ukiipeleka jukwaani kama ilivyo, hadhira inalala. Hampton anamfanya Valmont amwulize swali, naye Merteuil anajibu kwa hotuba moja, fupi kuliko barua ile. Habari ileile, lakini sasa kuna mtu mbele yake anayeisikiliza na ambaye kesho anaweza kuitumia dhidi yake.

Barua ya 48 aliiacha ibaki barua. Valmont anamwandikia mwanamke mcha Mungu maneno ya mapenzi, na meza anayoandikia ni mgongo wa mwanamke mwingine aliyelala naye. Kila sentensi ina maana mbili na sisi tunaziona zote mbili. Barua inayotenda jambo mbele ya macho yetu inaruhusiwa kukaa jukwaani.

Barua ya 141 ndiyo somo kubwa. Merteuil anamtumia Valmont waraka wa kumwacha mpenzi wake, wenye kibwagizo cha kusema kwamba hana kosa, na Valmont anaunakili na kuupeleka kwa posta. Hampton akaifuta posta. Valmont anakwenda mwenyewe, anasimama mbele ya mwanamke anayempenda, na anakirudia kibwagizo kile mara kwa mara kwamba jambo limemzidi uwezo, huku tukimwona akivunjika kila anapolitamka. Muigizaji hana pa kujificha.

Halafu linganisha miisho. Katika riwaya Merteuil anapatwa na ndui na kupoteza jicho. Kwenye mchezo wanawake wanaendelea na karata, na kivuli cha gilotini, mashine ya kukatia watu vichwa wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, kinaonekana ukutani. Kwenye filamu anazomewa ukumbini opera, kisha yuko peke yake mbele ya kioo akijifuta vipodozi. Mwisho wa mchezo unahitaji taa na ukuta, na ule wa filamu unahitaji uso kwa karibu. Kila chombo kimepewa mwisho unaoweza kubebwa nacho.

Zoezi lako sasa. Gawa watu 14 katika makundi manne, mawili ya watu wanne na mawili ya watatu. Wape kisa kimoja: mama mjane wa Kibokoni, mwanawe aliye Muscat, na dalali anayetaka nyumba iuzwe. Dakika 30 za kwanza kila kundi liandike barua 6, zisizozidi maneno 100 kila moja. Wakataze salamu ndefu, kwa kuwa barua zetu zinaweza kumaliza ukurasa kabla ya kufika penye "lengo la waraka huu". Lakini mtu akitaka kutumia salamu kuficha jambo, mwache, huo ni ufundi.

Dakika 20 zinazofuata waandike pembeni ya kila barua kitenzi kimoja: inaomba, inatisha, inadanganya, inanunua. Barua isiyopata kitenzi itupwe. Kisha dakika 40 wachague barua mbili wazifanye onyesho moja, watu wawili chumba kimoja, na kusoma barua kwa sauti ni marufuku. Barua moja tu inaweza kuonekana, na lazima itende jambo: ichanwe, ifichwe kwenye mto, iandikwe huku mtu anatazama. Dakika 30 za kucheza, kila kundi dakika 7. Dakika 40 waliandike onyesho lilelile kama ukurasa wa filamu, mazungumzo yasizidi mistari 5. Zinabaki 20 za kujadili.

Litakaloharibika ni hili: kijana ataingia na kumwambia mama, "Mama, kama unavyojua, baba alifariki akatuachia nyumba hii." Mama anajua. Anayeambiwa ni hadhira, na hadhira inahisi kwamba inaambiwa. Dawa yake ni kumpa mama sababu ya kulikana jambo hilo, ili kijana alazimike kulisema kwa hasira.

Kama kuna anayeona barua za wale Wafaransa ni jambo geni, mkumbushe mashairi ya kujibizana ya Mvita, enzi ya Muyaka. Mtu anatupa fumbo, mwenzake analijibu kwa vina vilevile, na mji mzima unasubiri nani atashindwa. Merteuil na Valmont wanafanya hivyohivyo.

Mlangobao alijibu:

Nasoma kwa furaha, lakini niulize wazi. Oscar zake mbili zote ni za kazi za wenzake, moja ya Laclos na nyingine ya Florian Zeller, mwenye The Father. 'Art' ni ya Reza. Atonement ni riwaya ya mtu. Mbona tumwite mtunzi badala ya mfasiri hodari?

KipandeChaPili alijibu:

Ndugu Mlangobao, The Philanthropist, Tales from Hollywood na White Chameleon ni zake, na Savages (1973), kuhusu kuangamizwa kwa wenyeji wa asili wa Brazili, ni yake pia. Ila hata tukiziweka kando, tazama alichokifanya kwenye barua ya 141 hapo juu. Kuamua kwamba mtu aende mwenyewe badala ya kutuma waraka ni utunzi. Tuna tafsiri ya Nyerere ya Julius Caesar ya Shakespeare tangu 1963, na hakuna anayeisoma akadhani yule hakutunga kitu. Tafsiri ya jukwaani inataka sikio la mtunzi: sentensi lazima iingie kinywani mwa muigizaji kwa pumzi moja.

Kwenye Atonement pia kuna la kujifunza. Joe Wright alipoingia kuiongoza, skripti ilifanywa upya, na ile mpya ilikaribia riwaya zaidi kuliko ya awali. Mwandishi mwenye jina kama lake alikubali kurudi mwanzo. Wengi wetu hukasirika tukiambiwa tufute kurasa 3.

BoritiNaTaa alijibu:

La tatu sasa, kugeuza mchezo kuwa filamu. Kosa la kwanza na kubwa ni kuutoa mchezo nje bila sababu. Watu wanaogopa kuambiwa filamu yao ni jukwaa lililorekodiwa, basi wanawatembeza wahusika Fort Jesus, kivuko cha Likoni, ufukweni, huku wakisema maneno yaleyale waliyokuwa wakisema chumbani. Mvutano unavuja wote.

The Father ndiyo dawa ya hofu hiyo. Zeller aliuandika mchezo huo, wa mzee anayepotewa na kumbukumbu, kwa Kifaransa 2012, Hampton akautafsiri ukachezwa Bath 2014, halafu wakaandika filamu pamoja. Karibu yote iko ndani ya nyumba. Jukwaani, samani zilikuwa zikiondoka kidogo kidogo kati ya onyesho na onyesho mpaka chumba kikabaki kitupu. Kwenye filamu kamera iko karibu mno kwa ujanja huo, kwa hiyo vitu vinabadilika badala ya kutoweka: rangi ya ukuta, vigae vya jikoni, viti, picha. Mtazamaji anahisi kuna kitu kimesogea lakini hana hakika, na hapo ameingia ndani ya kichwa cha mzee. Kisha binti anaingia mlangoni akiwa ni muigizaji mwingine kabisa, na jina ni lilelile. Mhusika aliyeitwa André jukwaani anaitwa Anthony kwenye filamu, na tarehe ya kuzaliwa anayoitaja, 31 Desemba 1937, ni ya Hopkins mwenyewe. Chumba ni kilekile, ila kila badiliko lina kazi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno, dada Pazia, chora chumba chenu na uandike kinachobadilika humo tangu mwanzo hadi mwisho. Kama hakuna kinachobadilika, hiyo bado si filamu.

Kuhusu urefu: ukurasa wa skripti wenye herufi za Courier ukubwa wa 12 huhesabiwa kama dakika moja. Lakini usiamini hesabu hiyo kwa mazungumzo ya Kiswahili mpaka mmesoma kwa sauti mkiwa na saa mkononi. Mchezo wa dakika 70 ulio mazungumzo matupu, anza kwa kukata theluthi moja ya maneno. Sentensi ya kwanza kutoka ni ile inayosema jambo ambalo uso umeshalisema. Kila onyesho lipe kichwa: NDANI au NJE, mahali, MCHANA au USIKU. Kama vichwa vyote ni "NDANI. CHUMBA. USIKU", msiogope. Igawe nyumba: ngazi, baraza ya chini, dirisha, paa. Pamoja na chumba chenyewe, mnapata sehemu 5 bila kuihama nyumba.

Kuna kitu cha nyumba zetu ambacho vitabu vya Ulaya havitakuambia. Vyumba vya Mji wa Kale ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, karibu mita 2.5 hadi 3. Jukwaani mlikipanua chumba bila kujijua. Ukifika na kamera hutakuwa na pa kurudi nyuma, na watu wanne hawataenea kwenye picha. Piga kutoka nje ya mlango kuelekea ndani, au kwa urefu wa chumba, mmoja akiwa karibu na wengine mbali. Andika hivyo tangu kwenye skripti, yaani nani yuko karibu na dirisha na nani yuko kwenye kivuli, msije mkabuni siku ya kupiga.

Sauti nayo. Kuta za mawe ya matumbawe zinazuia mengi, dirisha halizuii. Weka saa za adhana kwenye ratiba na mpange kula, kuswali au kuhamisha taa wakati huo. Tuktuk na mikokoteni hupungua usiku, lakini majogoo ya alfajiri hayana ratiba. Mazungumzo muhimu yapigwe kati ya saa 4 na saa 8 usiku, na kabla ya kuondoka rekodini dakika moja ya kimya cha chumba kile, bila mtu kusema wala kusogea. Bila hiyo, kila mahali mtakapokata patasikika shimo.

PaziaLaMbaraki aliandika:

Shukran sana nyote. Nimeshachapisha maelekezo ya zoezi. Swali la mwisho: wawili kati yetu wanataka tutafsiri 'Art' kwa Kiswahili tuicheze Desemba, wahusika ni watatu tu. Na mwingine anataka Les Liaisons iwe Mombasa ya zamani. Ruhusa inakuwaje?

WinoNaWaraka alijibu:

Hizo ni kesi mbili tofauti, dada.

'Art' ni ya Reza. Mkiitafsiri kutoka Kifaransa mnahitaji ruhusa yake kupitia wakala wake. Mkiitafsiri kutoka Kiingereza cha Hampton, mnahitaji ya Reza na ya Hampton, kwa kuwa tafsiri nayo ina mwenyewe. Kutafsiri ni haki ya mwenye kazi hata kama hamtozi kiingilio. Ukiandika kuomba, taja idadi ya maonyesho, idadi ya viti, bei ya tiketi, tarehe, na jina la atakayetafsiri. Barua isiyo na takwimu hizo hukaa bila kujibiwa. Anzeni mapema, na msichapishe bango kabla ya jibu.

Les Liaisons ni rahisi zaidi mkiingia kwa mlango ulio sawa. Laclos alifariki 1803, na sheria ya Kenya inalinda kazi ya maandishi maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Riwaya iko huru. Mchezo wa Hampton hauko huru, wala filamu. Maana yake ni kwamba mnaweza kuzichukua barua 175 mkazifanyia kazi wenyewe, lakini onyesho la Valmont kwenda kukirudia kibwagizo kile uso kwa uso msilibebe, wala kioo cha mwisho, wala kivuli cha gilotini. Tafuteni yenu. Someni Kifaransa chenyewe kama mnaye mtu, kwa sababu tafsiri za Kiingereza za karibuni nazo zina wenyewe.

Na kabla hamjatafsiri mstari wowote, kaeni muamue wanaitanaje. Wale Wafaransa wana neno la heshima na neno la ukaribu la kumwita mtu, na kuhama kutoka moja hadi jingine ni tukio. Kiingereza kililipoteza hilo, Hampton akalazimika kulitafutia njia nyingine. Nyinyi mna Bi, Maalim, Ami, Bi Mkubwa, na mna shikamoo. Siku mjane anapomwita dalali kwa jina lake bila "Bwana", hadhira ya Mombasa itasikia mlango ukifungwa.